Jumamosi Saa Kumi: Mieleka ya Televisheni ya Uingereza, 1955–1988

Katika miji mingi ya Uingereza ya zamani, bwawa la kuogelea la manispaa lilikuwa na kazi mbili. Majira ya joto watu waliogelea. Baridi ikiingia, bwawa lilifunikwa mbao, viti vikapangwa, na mji ukapata ukumbi wa dansi, ndondi na mieleka. Jengo la kuogea la West Ham, mashariki mwa London, ndiko kamera za ITV zilikoonyesha mieleka kwa mara ya kwanza, tarehe 9 Novemba 1955. Francis St Clair Gregory alipambana na Mike Marino, na Cliff Beaumont akapambana na Bert Royal. ITV yenyewe ilikuwa na umri wa wiki saba tu. (Msomaji wa Dar es Salaam asichanganye mambo: ITV anayoijua yeye ilianza 1994, na vituo hivi viwili vinashirikiana jina tu.) Kituo kipya cha biashara kilitaka burudani isiyokula fedha nyingi, na mapromota wa mieleka walitaka kujaza kumbi zao. Wakaafikiana kwa miaka thelathini na mitatu.

Mieleka hiyo haikuingia kwenye televisheni ikiwa na jina safi. Mwaka 1930 Uingereza ililetewa mtindo wa pigana-upendavyo ambao mwanzoni ulijaza kumbi. Mapromota wakaona faida, wakaongeza vitimbi: viti vikawa silaha, damu ikawa tangazo, na waliopanda ulingoni hawakuwa wote wanamieleka. Kufikia mwisho wa muongo huo wakuu wa jiji la London walikuwa wameupiga marufuku.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia kikaundwa kikao kidogo cha kuuosha mchezo. Mwenyekiti wake alikuwa Admirali Lord Mountevans, yule Edward Evans aliyekuwa msaidizi wa Kapteni Scott katika safari ya Ncha ya Kusini. Pamoja naye walikuwamo mbunge Maurice Webb na Norman Morrell, aliyeshiriki mieleka ya Olimpiki ya Berlin mwaka 1936. Ukitazama orodha hiyo unaweza kutabasamu: waheshimiwa wameketi kutunga sheria za mchezo ambao mshindi wake, mara nyingi, anajulikana kabla ya kengele. Lakini sheria walizozitoa mwaka 1947 ndizo zilizoipa mieleka ya Uingereza sura ambayo Marekani na Mexico hazikuwa nayo. Ninaamini pia kwamba ndizo zilizoiweka hai muda wote huo.

Pigano liligawanywa katika raundi, kwa kawaida za dakika tano tano, na mapumziko mafupi katikati, kila mtu kwenye kigoda chake konani. Ili kushinda ilikupasa kumbwaga mwenzako mara mbili, mabega yote mawili chini hadi hesabu ya tatu, au kumlazimisha asalimu amri mara mbili, au kumwangusha asiweze kuinuka hadi hesabu ya kumi. Aliyeanguka hakuguswa mpaka asimame, isipokuwa kama mlianguka naye ukiwa umemshika. Kulikuwa na madaraja saba ya uzito. Aliyecheza rafu alipewa onyo la hadharani. Maonyo yalikuwa mawili, na kosa la tatu lilimtoa mchezoni.

Hesabu hii ndogo ya maonyo ilizaa watu. Mick McManus, mtu mfupi mnene wa kusini mwa London, nywele zake nyeusi tii kwa rangi ya dukani, alijenga maisha yake yote ya ulingoni ndani ya nafasi iliyoko kati ya onyo la pili na la tatu. Angepiga ngumi ya siri mwamuzi akiwa upande wa pili, angevuta nywele, angekwaruza macho. Akishapata maonyo yake mawili angegeuka mwanasheria: mikono wazi, uso wa mtu anayeonewa. Yeye mwenyewe akiguswa masikio alilia kama mtoto, na ukumbi mzima ulijua hivyo. Hasimu wake mkubwa, Jackie Pallo, alikuwa kinyume chake kwa sura, na nywele zake za dhahabu alizifunga kwa utepe, lakini kwa hila walikuwa sawa. Mapema katika miaka ya 1960 wawili hao waliwekwa ulingoni siku ya fainali ya Kombe la FA, kabla ya mpira, na kwa watu wengi mchezo wa siku ulikuwa huo wa kwanza. Mwaka 1963 hata Prince Philip alikwenda Royal Albert Hall kutazama mieleka.

Tarehe 2 Januari 1965 ITV ilianzisha World of Sport, kipindi cha mchana kutwa cha Jumamosi kilichoongozwa na Eamonn Andrews na baadaye, kwa miaka mingi, na Dickie Davies. Haki za mashindano makubwa zilikuwa mikononi mwa BBC na kipindi chake cha Grandstand, hivyo ITV ilibaki na mbio za farasi na michezo ambayo hakuna mwingine aliyeitaka. Mieleka ikapewa saa kumi kamili. Wakati huo mechi za ligi zilikuwa zikichezwa viwanjani bila kuonyeshwa moja kwa moja, na baba mwenye nyumba alikuwa na karatasi yake ya bahati nasibu ya mpira mkononi akingoja matokeo yasomwe kabla ya saa kumi na moja. Mieleka ilijaza kungoja huko. Bibi wa nyumbani, ambaye mpira haukumhusu, naye alivuta kiti. Ndiyo sababu mieleka ya Uingereza ilipata washangiliaji ambao michezo mingine ilikuwa inawakosa: vikongwe. Walikaa mstari wa mbele ukumbini na mikoba yao, na mkorofi aliyetupwa nje ya kamba karibu nao alijua kwamba mikoba hiyo si mapambo.

Sauti ya kipindi ilikuwa ya Kent Walton, mzaliwa wa Cairo, aliyewahi kuwa mrushaji muziki wa Radio Luxembourg. Alitangaza tangu 1955 hadi siku ya mwisho. Ukisikiliza kanda zake leo utashangaa jinsi asivyopiga kelele. Anataja jina la mkabo, anaeleza mkono umepinda upande gani na unauma wapi, kisha ananyamaza amwachie mtazamaji ukumbi. Hakuwahi kutamka kwamba kuna kilichopangwa. Alitangaza mieleka kama mtu anayetangaza kriketi, na utulivu huo ulikuwa nusu ya udanganyifu, nao ni udanganyifu wa hali ya juu.

Kuhusu kupanga matokeo, tusizunguke: yalipangwa. Pallo alilieleza jambo hilo katika kitabu alichokitoa mwaka 1985, na wenzake hawakumsamehe. Ila ustadi haukuwa wa kubuni. Huko Wigan, mji wa migodi na viwanda vya pamba, Billy Riley alikuwa na kibanda cha mazoezi kilichofundisha mieleka ya kweli, ya kukamata popote na kupinda viungo, kwa ukali uliowafanya wengi wasirudi siku ya pili. Billy Robinson alitoka humo, akaenda kuifundisha Japani. George Kidd wa Dundee, bingwa wa dunia wa uzito mwepesi, alijikunja akawa kama mpira na mpinzani asijue pa kushika. Johnny Saint aliurithi mtindo huo. Jim Breaks wa Bradford, mdogo wa umbo na mkubwa wa malalamiko, alimpinda mtu mkono hadi watazamaji wakashika mikono yao wenyewe.

Msomaji wa Afrika atauliza watu weusi walikuwa wapi katika haya. Walikuwapo, na hapa kipindi hakipendezi. Masambula, aliyetangazwa kuwa mtu wa Gambia, alipanda ulingoni na ngozi ya chui. Johnny Kwango alijulikana kwa kupiga kichwa, kwa ile imani ya kale ya wazungu kwamba fuvu la mtu mweusi ni gumu kuliko la wengine. Wote wawili walikuwa mafundi, na ukumbi uliwapenda, lakini mapenzi yenyewe yalikuwa na masharti: wachekeshe. Clive Myers, mzaliwa wa Jamaika, aliyekuja baadaye, alipata nafasi ya kuonyesha wepesi na sayansi tupu, na mapigano yake hayamtii mtazamaji aibu yoyote leo.

Adrian Street alichukua masharti ya namna hiyo akayageuza kuwa silaha. Mtoto wa mchimba makaa wa Brynmawr, Wales, aliondoka kwao kijana, akajipaka rangi usoni, akavaa manyoya na nguo za kung'aa, akambusu mpinzani kisha akamvunja. Mwaka 1973 alirudi mgodini na mapambo yake yote na mkanda wa ubingwa, akapigwa picha kando ya baba yake mwenye masizi ya makaa usoni. Picha hiyo inaeleza Uingereza ya miaka hiyo kuliko vitabu vingi. Kendo Nagasaki naye hakusema neno. Alivaa kinyago cha samurai, na mwezi Desemba 1977, katika ukumbi wa Civic wa Wolverhampton, alikivua kwa hiari katika ibada kamili, kinyago kikachomwa moto, na chini yake kukaonekana kichwa kilichonyolewa chenye chale utosini. Upuuzi mtupu, na siwezi kuacha kuutazama.

Katikati ya miaka ya 1970, Joint Promotions, muungano wa mapromota ulioundwa 1952 na ulioshika haki ya televisheni peke yake, ulikuwa umeingia mikononi mwa kampuni ya kamari, na Max Crabtree akaitwa kuuendesha. Mwamba ngoma huvutia kwake. Max alikuwa na ndugu, Shirley, mwanamume aliyerithi jina hilo kwa baba yake. Shirley alikuwa amepita umri wa miaka arobaini na alizidi kilo 150. Akavalishwa nguo ya kubana ambayo, kama inavyosimuliwa, mkewe aliishona kwa kitambaa cha makochi, akaitwa Big Daddy, na watoto wa Uingereza wakampenda kuliko mtu yeyote aliyewahi kupanda ulingo ule.

Hakuweza kupigana raundi tano, wala hakuhitajika. Alipigana kwa jozi: kijana mwepesi aliteseka dakika kumi, kisha Daddy akaguswa mkono, akaingia, akawagonga wakorofi kwa tumbo lake na kumlalia mmoja wao. Ukumbi ukaimba kwamba ni rahisi, na kweli ilikuwa rahisi. Tarehe 18 Juni 1981 alikutana na Giant Haystacks, jitu la futi karibu saba, katika ukumbi wa Wembley, na mambo yakaisha kabla ya dakika tatu. Maonyo, raundi na madaraja ya uzito, yote yalikuwa hayana kazi tena. Mwezi Agosti 1987 huko Great Yarmouth, Mal Kirk alilaliwa na Big Daddy na hakuamka. Uchunguzi ulionyesha kwamba alikuwa na ugonjwa wa moyo.

World of Sport ilikuwa imekwisha kufungwa tarehe 28 Septemba 1985. Mieleka ikapewa kipindi chake lakini ikanyang'anywa saa kumi, ikahamishwa huku na huku hadi mtazamaji akachoka kuitafuta. Greg Dyke, mkuu wa michezo wa ITV, aliifuta, na pigano la mwisho likarushwa tarehe 17 Desemba 1988. Mashabiki wengi wa zamani humlaumu yeye mpaka leo, wakisema alitaka watangazaji wa biashara na vijana wenye fedha badala ya vikongwe na vibarua. Hoja hiyo ina ukweli. Lakini alichokifuta Dyke kilikuwa kivuli. Mieleka ya sheria za Mountevans ilizikwa na ukoo wa Crabtree, mbele ya kamera, wiki baada ya wiki, kwa makofi.

Wale vijana waliokuwa wakiteseka dakika kumi kwa niaba ya Big Daddy walikuwa wakijifunza. Tom Billington, aliyeitwa Dynamite Kid, alipambana na Tiger Mask jijini Tokyo mwezi Aprili 1981, na ndani ya kinyago hicho alikuwamo Satoru Sayama, ambaye Waingereza walikuwa wakimwona kwenye ITV kwa jina la Sammy Lee. Binamu ya Dynamite Kid, Davey Boy Smith, alimshinda Bret Hart kwenye uwanja wa Wembley mwaka 1992 mbele ya watu wapatao 80,000, chini ya bendera ya kampuni ya Kimarekani.

Mengi ya mapigano ya miaka ya mwanzo yalirushwa moja kwa moja na hayakuhifadhiwa. Ya miaka ya 1970 na 1980 yapo mengi. Atakayeyapata aanze na Johnny Saint na Jim Breaks, raundi zote, bila kuruka mapumziko. Big Daddy anaweza kusubiri.