Mbwa wa kuokotwa na askari mstaafu: Jinsi ya kuwaoanisha

ANAYEPITA Makutano mjini Meru alfajiri, kabla ya matatu kuanza kuita abiria, huwakuta mbwa kadhaa wasio na mwenyewe wakizungukazunguka kwenye mabucha na majaa ya taka. Hali ni iyo hiyo katika Makutano ile nyingine, mahali barabara ya Embu inapoachana na ile ya Nyeri. (Njia panda zetu hazikubahatika kupewa majina ya kutofautishwa kwa urahisi.) Baadhi ya mbwa hao walizaliwa papo hapo jalalani. Wengine walikuwa na kwao, hadi mwenye boma alipohama au alipochoka kuwalisha.

Katika vijiji vinavyozunguka vituo hivyo huishi pia watu waliowahi kuvaa sare za jeshi. Eneo la mashariki mwa Mlima Kenya limetoa askari tangu enzi za King's African Rifles, kikosi ambacho wanaume wake walipigana na Wajapani katika misitu ya Burma mwaka wa 1944. Baadaye vilikuja Vita vya Shifta vya 1963 hadi 1967, kisha Somalia, ambako majeshi ya Kenya yaliingia Oktoba 2011 na kujiunga na kikosi cha AMISOM mwaka uliofuata. Shambulio la El Adde la Januari 15, 2016 lingali linakumbukwa kwa uchungu katika familia nyingi.

Askari anaporudi nyumbani, jeraha la mguu huonekana na kila mtu. La moyoni halionekani. Mtu hushtuka mlango unapogongwa, hukosa usingizi, hukwepa sokoni na kanisani, na jirani husema amekuwa mkali au mlevi. Madaktari huliita tatizo hili mfadhaiko wa baada ya kiwewe.

Ni kwa ajili ya watu wa aina hii ambapo Wamarekani walianza kuwaoanisha askari wastaafu na mbwa waliookolewa kutoka mitaani na katika makao ya wanyama. Shirika la Pets for Vets lilianzishwa mwaka wa 2009, na K9s For Warriors la Florida likafuata mwaka wa 2011. Mnamo Agosti 2021, Rais Joe Biden alitia saini sheria iliyoiagiza idara ya wanajeshi wastaafu kufanya majaribio ya kuwashirikisha wastaafu wenye kiwewe katika kuwafunza mbwa wa huduma.

Ni muhimu msomaji atofautishe mbwa wa aina mbili, kwani hata magazeti huwachanganya. Yupo mbwa wa huduma, aliyefunzwa kazi maalumu: kumwamsha bwana wake anapoota ndoto za vita, kusimama nyuma yake kwenye foleni ili asihisi kuviziwa, au kumwegemea anapoanza kutetemeka. Halafu kuna mbwa mwenzi, ambaye kazi yake ni kuwepo tu. Huyu wa pili hahitaji mafunzo marefu, na ndiye anayeweza kupatikana kwa urahisi katika mazingira kama ya Meru na Embu. Wa kwanza hugharimu makumi ya maelfu ya dola hadi akamilike.

Je, mbwa husaidia kweli? Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka wa 2024 uliwafuatilia wastaafu 156 kwa miezi mitatu. Kati yao, 81 walikuwa wamepewa mbwa wa huduma na 75 waliendelea na matibabu ya kawaida pekee. Waliopewa mbwa walionyesha dalili chache zaidi za kiwewe, wasiwasi na huzuni. Hata hivyo, mbwa hao walikuwa wamefunzwa, na hakuna mtafiti aliyependekeza mtu aache dawa au kumwona daktari kwa sababu amepata mbwa.

Kuoanisha ndiyo sehemu ngumu, na hapa wengi hukosea kwa kuongozwa na huruma. Mbwa aliyepigwa mawe kwa miaka miwili anaweza kuogopa sauti kubwa kuliko hata askari mwenyewe. Ukiwaweka pamoja wawili wanaoshtuka kwa mlio wa pikipiki, kila mmoja atamzidishia mwenzake hofu. Kwa hivyo mbwa hupimwa kwanza: anaguswa akiwa anakula, sufuria inaangushwa karibu naye, mgeni anapita, mtoto anakimbia. Anayejikunyata kisha akarudi kunusa ana matumaini. Anayeng'ata bila kutoa onyo hafai kabisa.

Mstaafu naye huhojiwa. Anaishi na nani? Analala saa ngapi? Anaweza kutembea kilomita ngapi, au mguu wake ni wa bandia? Kuna silaha au pombe nyumbani? Mke wake anasemaje? Swali hili la mwisho hupuuzwa mno, ilhali mara nyingi ndiye atakayempikia mbwa. Dini nayo izingatiwe. Kwa Waislamu wa madhehebu ya Shafii, ambao ni wengi katika pwani yetu, mate ya mbwa ni najisi, na methali yao ya kumchezea mbwa hadi akufuate msikitini haikutungwa kwa mzaha. Mstaafu wa imani hiyo asilazimishwe.

Kwetu bara kizuizi ni kingine. Mbwa wa boma hufungwa mchana na kufunguliwa usiku ili awatishe wezi. Mtu mzima akionekana akitembea na mbwa mchana, tena akizungumza naye, atachekwa. Mstaafu ambaye tayari anawakwepa watu huenda asivumilie kicheko hicho, na ni heri jambo hilo lizungumzwe mapema na jamaa zake.

Kisha kuna kichaa cha mbwa, ugonjwa unaokadiriwa kuwaua Wakenya wapatao 2,000 kila mwaka. Mkakati wa kitaifa wa kuutokomeza, wa 2014 hadi 2030, unalenga kuwachanja angalau asilimia 70 ya mbwa. Hakuna mbwa wa kuokotwa anayepaswa kuingia nyumbani kabla ya kukaguliwa na daktari wa mifugo na kupata chanjo. Aliyeumwa aoshe kidonda kwa maji na sabuni kwa dakika 15, kisha aende hospitalini siku hiyo hiyo.

Chama cha kuzuia ukatili kwa wanyama, KSPCA, ambacho chimbuko lake ni mwaka wa 1910, huwatoa mbwa kwa familia baada ya kuwachanja na kuwazuia wasizae. Wastaafu nao wana chama chao, DEFOCA, na tangu 2022 wana sheria inayoshughulikia maslahi yao na ya wanaowategemea. Wanaotaka kuanzisha mpango wa aina hii Meru au Embu hawana budi kuzileta pande hizo mbili mezani, pamoja na daktari wa akili na afisa wa mifugo wa kaunti.

Jambo moja liandikwe katika makubaliano kabla mbwa hajakabidhiwa: iwapo wawili hao hawatapatana, au mstaafu akilazwa au akifariki, mbwa atarudishwa kwa nani. Sheria ya Kenya, Sura ya 360, inaharamisha kumtesa mnyama au kumnyima chakula, lakini haimtafutii mbwa makao ya pili. Asipopangiwa, atarudi kwenye mabucha ya Makutano.