"Malaika": Wimbo wa Mahari Uliovuka Bahari

Huko Nassa, kando ya Ghuba ya Speke mkoani Simiyu, hakuna haja ya kumweleza mtu kwa nini kijana wa "Malaika" anahangaika. Kwa Wasukuma mahari ni ng'ombe. Kijana asiye na zizi, wala baba na ndugu wa kumchangia, anaweza kumpenda binti mpaka basi na bado akamshuhudia akiolewa na mwingine. Wimbo mzima umesimama hapo: mapenzi yapo, mali haipo.

Fadhili William, mwimbaji wa Kitaita, aliurekodi Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 1960 akiwa na bendi ya Jambo Boys. Ukapendwa Afrika Mashariki. Ungeweza kuishia hapo, kwenye santuri za nyumbani, kama zilivyoishia nyimbo nyingi nzuri za enzi zile.

Aliyeuvusha ni Miriam Makeba. Alizaliwa Johannesburg mwaka 1932, Kiswahili hakikuwa lugha yake, na kufikia 1960 serikali ya makaburu ilikuwa imemfungia njia ya kurudi kwao. Mwaka 1965 aliuimba na mwimbaji wa Marekani Harry Belafonte katika albamu ya An Evening with Belafonte/Makeba, ambayo mwaka uliofuata ilitwaa tuzo ya Grammy ya muziki wa kiasili. Uzuri wa toleo hilo ni utulivu wake. Hakuna anayekimbilia kumaliza ubeti. Sauti mbili zinapokezana na kukutana, ala zikibaki nyuma. Msikilizaji wa New York asiyejua neno hata moja la Kiswahili alisikia mtu anayeomba, na hilo lilimtosha. Kwa miaka mingi Makeba aliendelea kuupeleka jukwaani popote alipokwenda.

Umaarufu huo ndio uliochochea ugomvi wa nani mwenye wimbo. Fadhili alisema ni wake, kwamba aliutunga kwa ajili ya msichana aliyempoteza kwa kukosa mahari. Adam Salim, Mtanganyika aliyeishi Nairobi, alisema aliutunga miaka ya 1940, naye kwa machungu ya mchumba aliyeozwa mtu mwingine. Fadhili aliurekodi, na jina lake ndilo lililoenea. Lakini kurekodi si kutunga, na madai ya Salim yanastahili kutajwa kila wimbo huu unapozungumzwa. Enzi hizo wimbo ulizunguka kwa mdomo na gitaa, kutoka baa hadi baa, bila karatasi ya kuonyesha ulikoanzia.

Fadhili alifariki Februari 2001. Kabla ya hapo alikuwa ameshasikia kundi la Boney M likiuingiza kwenye midundo ya disko mwaka 1981, na Angélique Kidjo wa Benin akiuimba katika albamu yake ya Logozo, 1991. Kidjo alifuata njia ya Makeba, ya taratibu.