Mwenye gazeti na mwenye dhahabu

Tarehe 15 Juni 2017 serikali ililifungia gazeti la Mawio kwa miezi 24. Ukurasa wake wa mbele ulikuwa na picha za marais wastaafu Benjamin Mkapa na Jakaya Kikwete, pamoja na habari iliyowahusisha na mikataba ya madini. Wakati huo nchi nzima ilikuwa ikizungumzia makinikia: makontena 277 yalikuwa yamezuiwa bandarini Dar es Salaam, yakiwa na mchanga wa dhahabu kutoka migodi ya Bulyanhulu na Buzwagi. Watu wa Kahama, iliko migodi hiyo, walisikia ripoti za kamati za uchunguzi zikisomwa Ikulu mubashara. Kuuliza nani alisaini kukawa kosa.

Mkapa mwenyewe alikuwa mwanahabari, na safari yake inaeleza mengi. Tarehe 5 Februari 1970 Mwalimu Nyerere alilitaifisha gazeti la The Standard, mali ya kampuni ya Lonrho ya Uingereza, akiahidi kwamba litakuwa huru kukosoa. Mwaka uliofuata mhariri wake, Frene Ginwala, aliondolewa baada ya tahariri kuhusu Sudan. Mwaka 1972 gazeti hilo liliunganishwa na The Nationalist la chama cha TANU, likazaliwa Daily News, na Mkapa akawa mhariri. Mwenye mali alibadilika. Mhariri aliendelea kumtazama mwenye mali usoni kabla ya kuandika.

Agosti 1996, Mkapa akiwa rais, wachimbaji wadogo waliondolewa katika eneo la Bulyanhulu na mashimo yao yakafukiwa. Yalizuka madai kwamba zaidi ya 50 walifukiwa wakiwa hai; serikali na kampuni ya mgodi zilikana. The Observer la London lilipoyaandika, kampuni ya madini ya Barrick ililishitaki, na gazeti likaomba radhi. Hapa nyumbani, wanasheria wa shirika la mazingira la LEAT waliodai uchunguzi huru, Tundu Lissu na Rugemeleza Nshala, walishitakiwa kwa uchochezi. Kwangu hilo ndilo zito zaidi. Madai kama hayo yanastahili kuchunguzwa hadharani, yawe kweli au uongo, na mfiwa wa Kakola, jirani na mgodi huo, ana haki ya kusoma majibu.

Februari 2022 Waziri wa Habari wa wakati huo, Nape Nnauye, aliyarudishia leseni magazeti ya Mawio, MwanaHALISI, Mseto na Tanzania Daima. Ni yeye aliyekuwa amelifuta Mawio Januari 2016, kabla halijarudi na kufungiwa tena 2017. Wabunge wa Shinyanga na Geita, mamlaka ya kufunga na kufungua gazeti yatoeni mikononi mwa serikali, myapeleke mahakamani.