Nguzo ya Zege ya Milford

Uwanja mmoja wa nyumbani wa kulengea shabaha uliochangia sana elimu ya shabaha ulikuwa wa Franklin W. Mann, huko Milford, Massachusetts, Marekani. Mann alisomea uhandisi na udaktari, kisha akapata utajiri kwa mashine ya kukatia mifupa ya kulishia kuku. Fedha hizo ndizo zilizogharimia utafiti wake.

Swali lake lilikuwa moja: kwa nini risasi zinazotoka kwenye mtutu uleule hazigongi mahali pamoja? Bega, pumzi na mapigo ya moyo ya mpigaji huitikisa bunduki, kwa hiyo kwanza alimwondoa mtu. Alisimika ardhini nguzo nzito ya zege aliyoiita Gibraltar, kwa jina la ule mwamba maarufu. Juu yake palikuwa na mhimili wenye umbo la V. Mtutu ulilala humo na kurudi nyuma kwa unyoofu kila ulipofyatuliwa. Katika njia ya risasi alitundika karatasi moja baada ya nyingine, na matundu yake yalionyesha risasi ilianzia wapi kuyumba. Hata risasi alizichubua makusudi, ili aone dosari hizo zinavyoathiri mwendo wake.

Matokeo aliyachapisha mwaka 1909: kosa kubwa lilitokana na risasi yenyewe, hasa kitako kilichoharibika na uzito usiolingana pande zote. Mann alifariki mwaka 1916. Baada yake, walenga shabaha wa mezani wa Marekani, ambao huegemeza bunduki mezani ili nao wapunguze mtikisiko wa mpigaji, waliunda chama cha kitaifa mwaka 1951.