Watu wenye Ulemavu katika Parokia na Sharika za Kirua Vunjo

Kirua Vunjo ni eneo la mteremko wa kusini-mashariki wa Mlima Kilimanjaro, wilayani Moshi, likipakana na Old Moshi upande wa magharibi na Kilema upande wa mashariki. Wakazi wake wengi ni Wakristo: Wakatoliki wa Jimbo la Moshi na Walutheri wa Dayosisi ya Kaskazini ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT). Ukristo ulienea sehemu hizi kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1890, Wamisionari wa Roho Mtakatifu wakianzia Kilema na wale wa Leipzig wakianzia Machame mwaka 1893. Leo maisha ya mlimani, kuanzia ubatizo hadi mazishi, yamesukwa pamoja na parokia au usharika kiasi kwamba asiyeonekana kanisani ni kama hayupo kijijini.

Mafundisho ya makanisa yote mawili yanamtambua kila aliyebatizwa kuwa mwanakanisa kamili. Ugumu upo kwenye mlima wenyewe, kwenye majengo, na zaidi kwenye orodha. Mtu mwenye ulemavu huandikwa pamoja na wagonjwa na wazee, akawa mtu wa kutembelewa. Kuingia kwenye orodha ya zamu ni safari nyingine kabisa.

Njia ya kwenda kanisani

Nyumba za Kirua zimetawanyika ndani ya vihamba, kila moja na migomba na kahawa yake, na kati ya kihamba na kihamba kuna korongo, mfongo wa maji na kijia cha udongo mwekundu. Barabara kuu ya Moshi–Himo iko chini, Uchira. Ukitoka hapo kwenda juu, ni kupanda. Wakati wa masika, Machi hadi Mei, udongo huo humtelezesha hata mwenye miguu mizima na buti.

Kiti mwendo cha kawaida cha hospitali, chenye vigurudumu vidogo mbele, hakivuki kijia kama hicho. Mjini Moshi, TATCOT, chuo cha mafundi wa viungo bandia kilichoanzishwa mwaka 1981 katika hospitali ya KCMC, kilianza mwaka 1999 kufundisha ufundi wa viti mwendo kwa kushirikiana na shirika la Motivation la Uingereza. Miongoni mwa viti vilivyoenea kutokana na kazi ya shirika hilo ni cha magurudumu matatu, gurudumu la mbele likiwa limesogezwa mbali ili kisipinduke kwenye mashimo. Ni kiti kizuri kwa Kahe na Himo, kwenye tambarare. Juu Kirua kinahitaji vijana wawili wenye nguvu, mmoja akisukuma na mwingine akizuia. Kwa hiyo wengi hufika kwa bodaboda, wamepakiwa mshikaki, mwenye ulemavu katikati ya dereva na ndugu anayemshika kiuno, magongo yamefungwa ubavuni kwa kamba ya mpira. Nauli inakuwa ya watu wawili, kwenda na kurudi, kila Jumapili, na familia nyingi huamua kwamba mara moja kwa mwezi inatosha.

Mpango wa jumuiya ndogondogo, uliopewa kipaumbele na maaskofu wa Afrika Mashariki katika mkutano wa shirikisho lao, AMECEA, wa mwaka 1976, umepunguza umbali huo. Jumuiya husali nyumbani kwa wanajumuiya kwa zamu, na Walutheri nao wana mitaa na jumuiya zao. Sala ikija nyumbani kwake, mtu asiyeweza kupanda mlima anakuwa mwenyeji. Hapo ndipo ujumuishaji unapofanyika kwa kweli, au unaposhindikana: zipo nyumba ambazo siku ya zamu yao mtoto mwenye mtindio wa ubongo hupelekwa chumba cha nyuma mpaka wageni waondoke. Wazazi hao si wakatili. Wanaogopa maneno, maana imani kwamba ulemavu wa mtoto ni laana au deni la wazee waliotangulia haijafutika yote, hata kwa waliobatizwa.

Orodha ya wagonjwa na orodha ya zamu

Mwaka 1992 tarehe mbili zilizaliwa. Papa Yohane Paulo II aliweka Siku ya Wagonjwa Duniani, inayoadhimishwa 11 Februari tangu 1993, na Umoja wa Mataifa ukatangaza 3 Desemba kuwa siku ya watu wenye ulemavu. Parokia zinaijua zaidi ile ya kwanza. Siku hiyo wazee, wenye saratani, vipofu na waliopooza huketi viti vya mbele, hupakwa mafuta, na hupewa sukari na sabuni. Ni desturi njema, lakini kijana wa miaka 25 asiyeona, mwenye afya ya kupanda mlima hadi kituo cha Mandara na kurudi, hana ugonjwa wa kupakwa mafuta. Anachokosa ni Maandiko ya nukta nundu na mtu wa kumpa zamu ya kusoma somo la kwanza.

Mtu asiyeona ana nafasi kubwa katika liturujia kuliko wengi wanavyodhani. Sehemu kubwa ya Misa na ya ibada ya Kilutheri hurudiwa kila wiki na hukaa kichwani. Kwaya nyingi za Kilimanjaro hujifunza nyimbo kwa kusikiliza sauti na kuzirudia. Moshi mjini, Shule ya Msingi Mwereni imepokea wanafunzi wasioona na wenye ualbino kwa miaka mingi, wakisoma pamoja na wanaoona. Anayetoka shule ya aina hiyo hurudi kijijini akisoma kwa vidole vizuri kabisa, na kukuta kitabu cha masomo kilichopo ni cha wino tu.

Wenye ualbino wana mahitaji mengine, nayo ni mepesi kuyatimiza. Maandamano ya Ekaristi hupita juani, na mkutano wa injili hufanyika uwanjani saa nane mchana. Kituo cha mafunzo ya ngozi kilichopo KCMC kimetengeneza krimu ya kukinga jua kwa ajili yao, lakini kofia pana na kivuli bado vinahitajika. Heshima ya kuvua kofia mbele ya Sakramenti isimlazimu mwanamume ambaye jua linamletea saratani, na mkuu wa maandamano anapaswa kulisema hilo mapema ili muumini huyo asikemewe na mzee fulani hadharani.

Kipimo kimoja chepesi cha ushiriki ni bahasha. Walutheri wa mlimani hutoa ahadi kwa bahasha yenye namba, na Wakatoliki wana kadi ya zaka. Mtu mzima mwenye ulemavu ambaye sadaka yake imo ndani ya bahasha ya kaka yake hahesabiki peke yake panapohesabiwa watoaji, na jina lake halitajwi panapotafutwa mzee wa kanisa au mweka hazina wa jumuiya. Kumpa namba yake, hata akiweka shilingi mia tano, hakugharimu chochote.

Sakramenti

Kanisa Katoliki lilichukua muda kufika lilipo. Sheria zake za mwaka 1917, katika kanuni ya 984, zilimzuia kupewa daraja takatifu mtu ambaye udhaifu wa mwili ulimfanya ashindwe kuhudumu altareni kwa usalama, au ambaye umbo lake lilionekana kupunguza heshima ya huduma. Mkusanyo wa sheria wa mwaka 1983 uliondoa kizuizi cha kasoro za mwili na kubakiza kile cha ugonjwa wa akili. Vizazi viwili au vitatu vya Wakristo wa Kilimanjaro vililelewa chini ya sheria ya kwanza, na mazoea ya kutomwona mwenye kilema pale mbele yamedumu kuliko sheria yenyewe.

Jambo linaloumiza familia zaidi ni komunyo ya kwanza na kipaimara. Huko Kirua hizo ni sherehe kubwa: turubai, ng'ombe au mbuzi, ndizi, mbege, nguo nyeupe, ndugu kutoka Dar es Salaam na Arusha. Mtoto mwenye ulemavu wa akili ambaye wenzake wa rika wote wamepita na yeye hakupita, kijiji kizima kinajua. Kwa Walutheri kikwazo ni kukariri Katekisimo Ndogo ya Luther. Kwa Wakatoliki ni maswali ya katekista. Papa Benedikto XVI, katika wosia wa Sacramentum Caritatis wa mwaka 2007, aliandika kwamba wenye ulemavu wa akili waliobatizwa na kuimarishwa wapewe Ekaristi kila inapowezekana, kwa kuwa wanaipokea katika imani ya familia au jumuiya inayowasindikiza. Maana yake kwa katekista wa kigango ni hii: asimuulize mtoto sakramenti ni ngapi, aangalie kama anatofautisha mkate huu na ule wa mezani nyumbani, hata kama anaonyesha kwa kunyamaza tu. Tatizo ni kwamba wosia huo haujafika kwa kila katekista, na mzazi hawezi kudai asichokijua.

Viziwi

Kati ya makundi yote, viziwi ndio wanaosahaulika kirahisi zaidi, kwa sababu wanafika. Wanatembea, wanapanda mlima, wanakaa benchi la nyuma, wanainuka watu wakiinuka. Hakuna anayegundua kwamba kwa saa mbili hawajaambulia neno. Watoto viziwi wa mkoa huu wamekuwa wakipelekwa Shule ya Viziwi Mwanga, ya KKKT, ambako hujifunza Lugha ya Alama ya Tanzania. Mtoto wa namna hiyo akirudi likizo nyumbani, mara nyingi yeye ndiye pekee anayeijua; mama yake anamwita kwa kumgusa bega na kumwonyesha jembe.

Sheria za sasa za Kanisa Katoliki zina nafasi kwa ajili ya kiziwi ambayo haijulikani sana. Kanuni ya 990 inaruhusu maungamo kupitia mkalimani, naye mkalimani anafungwa na siri. Kanuni ya 1104 inakubali wachumba wasioweza kusema watoe ridhaa ya ndoa kwa ishara. Kinachokosekana ni mkalimani. Mtu mmoja kila parokia aliyefundishwa alama, mwalimu au kijana wa kwaya, angebadilisha hali kuliko mchango wowote wa nguo.

Vituo na mashirika

Dayosisi ya Kaskazini ya KKKT, kwa ushirikiano na shirika la Mosaic la Marekani, imeendesha Moshi mpango uitwao Building a Caring Community, wenye vituo vya kutwa vya watoto wenye ulemavu wa akili, vingine katika majengo ya sharika. Mama anayemwacha mtoto kituoni anapata nafasi ya kwenda sokoni au shambani, na mtoto anajulikana na usharika kabla ya kuanza darasa la kipaimara. Shirika la CCBRT nalo limefanya utengamao wa kijamii Kilimanjaro, watumishi wake wakifika nyumbani kwa wenye mguu kifundo na mtindio wa ubongo. Katika ngazi ya kimataifa, EDAN, mtandao wa kiekumene wa utetezi wa watu wenye ulemavu wenye makao Nairobi, ulioanzishwa mwaka 1998 na kuongozwa kwa miaka mingi na Samuel Kabue, Mkenya asiyeona, ulichangia tamko la Baraza la Makanisa Ulimwenguni la mwaka 2003 juu ya Kanisa la watu wote.

Majengo

Sensa ya mwaka 2022 ilionyesha kwamba asilimia 11.2 ya Watanzania wenye umri wa miaka 7 na zaidi wana aina fulani ya ulemavu. Paroko akihesabu waliopo Jumapili atajua mwenyewe wangapi wamebaki nyumbani. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inataka majengo yanayotumiwa na umma yafikike, na inaunda kamati za watu wenye ulemavu hadi ngazi ya kijiji, ambazo halmashauri ya parokia inaweza kuzialika.

Makanisa ya mlimani hujengwa mahali palipoinuka, na kwa kuwa kiwanja kina mteremko, mlango mkuu hutanguliwa na ngazi. Ukarabati mwingi huamuliwa Desemba, Wachagga wanaporudi nyumbani na harambee kufanyika baada ya ibada. Fedha huelekea kwenye vigae, mnara na vipaza sauti. Mteremko wa zege kwenye mlango wa ubavuni, wenye ukingo wa kushika na upana wa kutosha kiti mwendo, ni kazi ya siku chache kwa fundi wa kijijini ikiingizwa kwenye ramani kabla vigae havijawekwa. Baada ya hapo inabidi kuvunja.