Ndoa na Tabaka katika Futuhi za Enzi ya Malkia Victoria

Makala haya yanadhamiria kuchunguza swali moja: je, kicheko cha futuhi za Kiingereza za karne ya 19 kilibomoa ukuta wa matabaka au kiliupaka chokaa tu? Tutalijibu kwa kulinganisha tamthilia mbili zilizoigizwa jijini London: Caste ya T. W. Robertson (1867) na The Importance of Being Earnest ya Oscar Wilde (1895).

Katika Caste, Esther Eccles, mcheza dansi na binti wa mlevi, anaolewa na George D'Alroy, afisa wa jeshi mwenye nasaba ya kikabaila. George anapodhaniwa kufia Bara Hindi, mamaye anataka kumchukua mjukuu. Esther anakataa katakata. Hapa mtunzi yu upande wa mnyonge. Hata hivyo, mwishoni mzee Eccles anatengewa makao kisiwani Jersey, mbali na wakwe, naye George anautetea mfumo wa matabaka mradi mwenye sifa za pekee afunguliwe mlango. Mmoja ameingia, waliobaki wamefungiwa nje.

Miaka 15 baadaye, sheria ya 1882 ilimwezesha mke kumiliki mali yake mwenyewe. Lakini kwa Wilde posa ingali hesabu. Lady Bracknell anamsaili Jack kama karani akaguaye daftari. Mapato yake yanaridhisha. Kasoro ni wazazi, kwani aliokotwa mkobani katika stesheni ya Victoria. Cecily naye anapuuzwa hadi zinapotajwa pauni zake 130,000. Papo hapo anaonekana anafaa. Kejeli kali zaidi ni kwamba bibi huyu mwenyewe aliolewa bila mali yoyote. Mlinzi wa lango aliingia kwa mlango uo huo anaoufunga.

Hatimaye Jack anagunduliwa kuwa mwana wa dada yake Lady Bracknell. Kikwazo hakikushindwa, kilitoweka. Baadhi ya wasomaji wataona kwamba Wilde amerudi nyuma ya Robertson, maana hakuna mtu wa tabaka la chini aliyeolewa. Sisi tunaona vingine. Robertson alimpokea mgeni mmoja, akauacha ukuta ukiheshimika. Wilde hakumpokea yeyote, ila aliifanya hati ya ukoo kuwa mkoba uliosahauliwa stesheni. Baada ya hapo, ni vigumu kwa hadhira kuitukuza nasaba bila kucheka.