Tochi ya mzimamoto ilizaliwa mgodini

Kwa miaka mingi mzimamoto aliingia kwenye nyumba inayoungua akiwa ameshika moto mwingine mkononi. Moshi ukishajaa chumbani, hata saa sita mchana mtu haoni kiganja chake, na taa iliyokuwepo ilikuwa ya mafuta. Huko Marekani kampuni ya R. E. Dietz ya New York, iliyoanzishwa mwaka 1840, ilitengeneza kandili maalumu kwa vikosi vya zimamoto, aina iliyoitwa King, ambayo ilining'inizwa kwenye magari ya kikosi. Aliyekulia kwenye nyumba yenye chemli angeitambua mara moja: kioo kile kile, utambi ule ule, ila chuma chake kizito zaidi.

Ilikuwa taa ngumu, lakini ilikuwa inawaka. Ukiingia nayo kwenye ghala la pombe kali, au kwenye jengo lenye bomba la gesi lililopasuka, umeupelekea mlipuko kiberiti.

Wauzaji hupenda kuisimulia historia ya tochi kama mbio za mwanga: jana lumeni 20, leo 500, kesho 1,000. Mimi naona swali gumu lilikuwa jingine tangu mwanzo. Taa ifanyweje isiwashe kitu chochote kilichoizunguka? Waliolijibu swali hilo hawakuwa wazimamoto. Walikuwa watu wa migodi ya makaa ya mawe.

Mwaka 1812 mgodi wa Felling, kaskazini mwa Uingereza, ulilipuka ukaua watu 92. Miaka mitatu baadaye Humphry Davy alitoa taa yake iliyozungushiwa wavu wa waya. Wavu ulifyonza joto la ndimi za moto, na gesi iliyokuwa nje haikushika. Ndiyo ilikuwa taa ya kwanza kujulikana sana ambayo kazi yake ilikuwa kumulika na kujizuia kwa wakati mmoja. Mwanga wake ulikuwa hafifu mno.

Umeme ulipofika, wengi walidhani tatizo limekwisha. Carl Gassner wa Ujerumani alikuwa amepata hataza ya betri kavu katika miaka ya 1880, betri isiyomwaga maji hata ukiilaza. Tarehe 10 Januari 1899 Mwingereza David Misell akapata hataza ya Marekani ya tochi ya mkononi: betri zimepangwa ndani ya bomba, mbele kuna glopu na kioo cha kurudisha mwanga. Haki zake alimpa Conrad Hubert, mhamiaji kutoka Urusi aliyekuwa na kampuni New York, na baadhi ya tochi hizo waligawiwa polisi wa jiji wazijaribu. Betri zilikuwa dhaifu na nyuzi za glopu zilikuwa za kaboni, kwa hiyo ilibidi uwashe kidogo, uzime, uipumzishe. Kwa polisi wa doria ilitosha. Kwa mtu anayepapasa ngazi ndani ya moshi haikufaa kitu.

Kisha likaja somo la Senghenydd. Tarehe 14 Oktoba 1913, mgodi wa Universal katika kijiji hicho cha Wales ulilipuka. Wachimbaji 439 walikufa, na mwokoaji mmoja naye akapoteza maisha. Kati ya vitu ambavyo wachunguzi walivitilia shaka ni kengele za umeme. Nyaya mbili zisizo na ganda zilipita sambamba mle mgodini, na mfanyakazi aliyetaka kupiga kengele alizigusanisha tu kwa kipande cha chuma. Kila mguso ulitoa cheche. Betri za kengele zilikuwa ndogo, na iliaminika kwamba umeme wa namna hiyo hauna nguvu ya kuwasha gesi.

Wataalamu R. V. Wheeler na W. M. Thornton walilipeleka jambo hilo kwenye vipimo, na imani ile ikaanguka. Volti ndogo si kinga peke yake. Koili ya kengele hulimbikiza nishati, na mzunguko unapokatika huitema yote kwa mkupuo, ndani ya cheche moja. Dawa ikawa kuunda mzunguko ambao hata ukiharibika, hata waya ukikatika au swichi ikichakaa, cheche yake haitakuwa na nguvu ya kuwasha gesi. Alama ya Ex unayoiona leo ubavuni mwa tochi ya zimamoto, pamoja na cheti cha ATEX cha Ulaya au UL 913 cha Marekani, vinatokana na wazo hilo.

Marekani nako, mwaka 1914, wahandisi wawili wa migodi, John Ryan na George Deike, walianzisha kampuni ya Mine Safety Appliances na kumwendea Thomas Edison. Matokeo yake yalikuwa taa ya kofia yenye betri ya kuchaji kiunoni, iliyodumu zamu nzima. Kampuni hiyo, MSA, hadi leo inatengeneza vifaa vya kupumulia vya wazimamoto.

Umbo lililokuja kukubalika kwenye kazi ya zimamoto, shingo iliyokunjwa na kichwa kinachotazama mbele, lilijulikana sana jeshini. Askari wa Marekani katika Vita Kuu ya Pili walibeba tochi ya TL-122, wakaibana kifuani na mikono ikabaki huru. Mzimamoto anayeburuta mpira wa maji anahitaji hicho hicho. Tena kifua kina faida ambayo kofia haina. Moshi mzito hukaa juu, na taa iliyo karibu na macho hurudisha mwanga usoni, kama taa kubwa za gari kwenye ukungu wa Lushoto.

Ukoo wa kampuni ya Hubert ulifika hadi kwetu. Kampuni hiyo, iliyokuja kuitwa Ever Ready, iliishia mikononi mwa Union Carbide, na mwaka 1967 betri za Eveready zilianza kutengenezwa Nakuru, zile zenye picha ya paka. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014. Betri za kaboni na zinki zilifaa redio, lakini tochi ikizivuta kwa nguvu hulegea upesi. Betri za alkalini, ambazo Lewis Urry alizifanikisha katika miaka ya 1950, zilistahimili zaidi.

Ubaya wa glopu ulikuwa palepale: uzi wake ukiwa wa moto, tochi ikianguka mara moja unakatika. Mwaka 1993 Shuji Nakamura wa kampuni ya Nichia, Japani, alitoa LED ya buluu yenye mwanga mkali. Miaka mitatu baadaye Nichia ikaifunika buluu hiyo kwa fosfori ya njano ikapata nyeupe. Uzi ukatoweka, na betri ile ile ikamulika kwa saa nyingi zaidi. Nakamura, Isamu Akasaki na Hiroshi Amano walipata Tuzo ya Nobeli ya fizikia mwaka 2014.

LED ilileta kasoro yake, ambayo husemwa kwa nadra dukani. Tochi ya zamani ilipoishiwa iligeuka njano taratibu, na mwenye nayo akajua muda umefika wa kutoka. Tochi yenye kidhibiti cha umeme na betri ya litiamu hung'aa vilevile hadi mwisho, halafu inaweza kuzimika ghafla. Kwa hiyo kiashiria cha chaji si pambo. Joto nalo huisumbua: LED ikipata moto sana, tochi nyingi hujipunguza mwanga zenyewe.

Tangu mwaka 2009 kuna kiwango cha ANSI FL 1, kinachofanya watengenezaji wapime kwa namna moja. Kisome kwa jicho kali. Muda wa kuwaka unahesabiwa hadi mwanga ushuke kufikia asilimia 10 ya ulivyokuwa mwanzo, kwa hiyo "saa nane" zaweza kuwa saa mbili za mwanga na sita za giza la heshima. Kipimo cha kuanguka ni angalau mita 1 juu ya zege. IPX7 maana yake imezamishwa mita 1 kwa dakika 30. Kwenye moshi, mwale mwembamba unafaa kuliko mwanga uliotawanyika, hata kama namba ya lumeni ni ndogo.

Siku hizi mitungi ya gesi ya kupikia imejaa majikoni mwetu, na hapo somo la Senghenydd linarudi. Hata tochi yenye cheti iwashwe nje kabla ya kuingia, na betri zake zisibadilishwe ndani. Cheti chenyewe hutaja aina za betri zilizokubaliwa, ukiweka nyingine kinga haipo. Usichanganye mpya na kuukuu, hasa zile fupi za litiamu za CR123A, kwa sababu nzima huisukuma iliyoishiwa hadi ikapasuka. Kwa kikosi chenye gari la kuchajia tochi njiani, litiamu ya kuchaji ni nafuu kwa muda mrefu. Kwa kituo ambacho umeme wake hukatika, ningenunua inayokubali pia alkalini, na alkalini zenyewe nisingeziacha ndani ya tochi miezi na miezi, maana huvuja na kula shaba ya swichi.